Maji Chini ya Mlango

Kanisani walimwita Bwana Shangwe, na jina hilo hakulipata bure. Wengine walipopiga makofi, yeye aliruka akatua kwa miguu yote miwili mpaka kinanda kikatikisika. Akilia, alilia kwenye kipaza sauti. Siku za kazi alikuwa fundi bomba, tena hodari, na mtaa mzima uliizoea sauti yake ikiimba kutoka chini ya masinki ya watu.

Sinki la nyumbani kwake halikuwa limewahi kuisikia.

Koki ya jikoni ilikuwa ikivuja tangu zamani. Ilianza na tone moja moja, ikaja kuchuruzika. Mkewe aliifunga kitambaa, juu ya kitambaa akazungusha mpira, juu ya mpira kitambaa kingine, hadi koki ikafanana na mtu anayeumwa jino.

"Mume wangu, hiyo koki," mkewe alimwambia kila alipopata nafasi.

"Kesho, mke wangu. Kesho mapema."

Kesho ikifika, ilikuta mazoezi ya kikundi cha sifa, au mkesha, au semina. Kisha mama mkwe akaja kukaa nao kwa sababu ya magoti yake, akapewa chumba kilichopakana na jiko. Alikuwa mtu wa heshima zake, hawezi kumsema mkwe. Aliisema koki. "Pole, mwanangu," aliiambia asubuhi, mkwe akiwa mezani anakunywa chai. "Nawe umelia usiku kucha. Nawe unahitaji mtu wa kukuwekea mikono."

Bwana Shangwe alikunywa chai yake.

Sasa, Jumapili moja kanisa lilikuwa na wageni kutoka makanisa mengine, na mchungaji alimpa Bwana Shangwe kuongoza saa nzima ya kuabudu. Jumamosi, siku moja kabla, baada ya chakula cha mchana, alisimama katikati ya nyumba kama mtu anayeaga kwenda safari ya mbali.

"Mtu asinigongee mlango. Naingia kumwabudu Mungu."

Mkewe alikuwa amebeba ndoo. "Ukitoka huko, utaitazama koki?"

"Mke wangu, kuna mambo ya rohoni na kuna mambo ya jikoni."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga, alishikwa na kikohozi cha ghafla.

Bwana Shangwe akajifungia. Kwanza alisimama mbele ya kioo cha kabati. Akainua mikono miwili, akajitazama. Akashusha mmoja, akaona hivyo ndivyo inavyopendeza zaidi. Akajaribu mahali pa kukatia sauti, pale ambapo watu wangeanza kutafuta leso. Alipojiridhisha, akapiga magoti kando ya kitanda, akafumba macho, akaanza kwa nguvu.

"Bwana, mimina! Mimina, Bwana! Furika nyumba hii! Usipime, Bwana, usipime!"

Jikoni, koki ikasalimu amri.

Ilitoka kwa kishindo, na vitambaa vyake na mpira wake, ikagonga dari. Wanawake wakapiga yowe. Bwana Shangwe aliwasikia, na moyo ukamruka kwa furaha: Roho ameshuka! Tena ameanzia jikoni!

"Asante, Bwana! Hata mama mkwe! Zidisha, Bwana, usimwache!"

Yowe likazidi. Naye akazidi. Ndipo akahisi ubaridi kwenye magoti. Aliwahi kusikia ushuhuda wa watu walioona joto, wengine walitetemeka, lakini wa ubaridi wa magoti hakuwahi kuusikia. Akafumbua jicho moja.

Maji yalikuwa yakiingia chini ya mlango, yametulia, hayana haraka, yakizunguka miguu ya kitanda kama mgeni anayetafuta mahali pa kukaa.

Alipofungua mlango, kandambili ya mama mkwe ilipita mbele yake ikielea.

Jikoni maji yalikuwa yakiruka hadi darini. Mkewe alikuwa ameyakandamiza kwa sufuria iliyofunikwa kifudifudi, nayo yakatafuta njia pembeni, yakapiga ukuta wa huku na ukuta wa huko. Mama mkwe alikuwa amejivika beseni kichwani, ameshika ufagio kwa mikono miwili, anayasukuma maji kuelekea mlango wa nyuma.

"Mwanangu," mama mkwe alimwuliza binti yake kwa utulivu mkubwa, "mtaa huu hamna fundi?"

"Nafunga koki kuu!" Bwana Shangwe akapiga kelele, akatoka mbio.

Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili haikuwepo. Alikaa chini kwa kishindo, na sakafu ile ya maji na sabuni iliyomwagika ikambeba. Akateleza akiwa ameketi, amenyoosha miguu, amebeba sura ya mtu mwenye miadi muhimu, akapita kati ya mkewe na mama mkwe, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakomea kwenye kamba ya nguo, shuka likamfunika kichwa.

Wanawake wakageuka kuutazama mlango wa nyuma.

"Mkwe amepita," mama mkwe akasema.

Basi ikawa hapo. Alianza mama mkwe kucheka, beseni likamshukia hadi puani. Akafuata mkewe, akacheka mpaka akaachia sufuria, maji yakampiga usoni, akacheka zaidi. Na kule nje chini ya shuka kicheko kikamshika Bwana Shangwe, kile cha tumbo kisichosikia amri. Alitambaa hadi koki kuu huku anacheka, akaizungusha huku anacheka, akarudi ndani anajifuta machozi.

Ndipo akaona matambara. Yalikuwa rundo zima chini ya sinki, yaliyolowa siku nyingi, siyo ya leo tu.

"Haya yote unayakamua lini?"

"Asubuhi. Kabla hujaamka."

"Kila asubuhi? Sasa mbona hukuniambia?"

Mama na binti wakatazamana. Walijitahidi, kweli walijitahidi, lakini wakalipuka upya, safari hii wakishikana wasianguke.

Bwana Shangwe hakucheka. Aliketi kwenye sakafu ya maji, akaitazama mikono ya mkewe, ilivyokuwa myekundu kwa kushika sufuria. "Mimi nilikuwa kule ndani," alisema polepole, "namwambia Mungu jinsi ninavyompenda."

Kwa mara ya kwanza mama mkwe alimsema yeye mwenyewe, uso kwa uso. "Mkwe wangu, sidhani alikuwa kule. Nadhani alikuwa huku, ameshika sufuria pamoja nasi."

"Nisamehe, mke wangu," akasema. "Nawe mama, unisamehe."

"Tengeneza koki kwanza," mkewe akajibu, huku akimpangusa maji usoni kwa upande wa kanga yake.

Akaleta begi. Akalala chali chini ya sinki, akasafisha nyuzi za bomba, akazungushia utepe wa kuzuia maji, akafunga koki mpya aliyokuwa amemwekea mteja. Bila kujua alikuwa anaimba, wala hakuisikiliza sauti yake. Mkewe, aliyekuwa akikamua matambara, akaingia na sauti ya pili. Mama mkwe akalivua beseni, akaligeuza ngoma. Hakuna aliyeinua mkono, maana mikono yote ilikuwa na kazi. Furaha ikampanda Bwana Shangwe kutoka kwenye nyayo, hakujua aipeleke wapi, akabaki anacheka na spana mkononi.

Jumapili alipanda madhabahuni, akashika kipaza sauti, akavuta pumzi. "Bwana," alianza, "mimi..." Macho yake yakakutana na ya mama mkwe. Kicheko kikamtoka puani, kikapita kwenye spika zote.

Watu wakashtuka. Hakuwa na la kufanya ila kusema ukweli. Akawasimulia yote: kioo, mkono mmoja, maombi ya mafuriko, kandambili. Alipofika kwenye shuka, mzee wa kanisa alikuwa amevua miwani, wageni wameegemeana, na mchungaji amejificha nyuma ya kitambaa chake.

"Ndugu zangu," akasema walipotulia, "nilijifunza kulia mbele yenu, na nyumbani kwangu kuna mtu anakausha maji kwa matambara. Leo sitaruka. Tumwimbie tu, halafu tukitoka hapa tusiache."

Wakaimba. Wengi walikuwa bado wanacheka, na wengine waliingia mapema mno, lakini katikati ya wimbo mpiga kinanda alinyanyuka, akaenda kumshika mkono kaka yake ambaye walikuwa hawasalimiani. Kinanda kikanyamaza, na hakuna aliyekikumbuka.

"Mwenye koki inayovuja anione!" Bwana Shangwe akatangaza mwishoni.

"Ya kwangu inavuja tangu uliponiahidi!" mama mmoja akajibu kutoka nyuma, na kanisa likaangua kicheko tena.

Nyumba ya kwanza alasiri hiyo ilikuwa ya dereva mstaafu ambaye miguu yake haikumruhusu tena kwenda ibadani. Bwana Shangwe aliingia chini ya sinki na suti yake, mkewe akimpa spana. Wakaanza kuimba. Mzee, mwenye masikio mazito, aliinamia fimbo yake, akasubiri wamalize ubeti wa kwanza, kisha akagonga sakafu.

"Anzeni upya," akaamuru. "Sikuwa nimekaa vizuri."

Wakaanza upya.