Kontena Mlangoni kwa Mwenyekiti

Masika yaliyopita, mto Lumemo ulipofurika na maji kuingia mitaani, kila nyumba ya Mtaa wa Migombani ilipokea taka za nyumba nyingine. Maji yaliingia kwenye mashimo ya taka nyuma ya majiko, yakazoa kila kilichokuwemo, yakakigawa bila upendeleo. Evod, fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na soko la Ifakara, aliamka asubuhi akakuta pampas ya mtoto imeegama kwenye mguu wa kochi lake. Nyumba yake haikuwa na mtoto mchanga tangu mwanawe Fidelis aote ndevu. Alipoinua macho akamwona jirani yake Balbina anachungulia mlangoni, maji yamemfika magotini.

"Samahani, Baba Fidelis," alisema Balbina. "Hiyo nadhani ni ya kwetu."

Lakini hakuichukua.

Pampas hiyo ndiyo iliyomwingiza Evod kwenye siasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika aligombea uenyekiti, na kila alikosimama alisema jambo moja tu: kwamba akichaguliwa, taka za Migombani zitakuwa na kwao. Watu walimpa kura kwa wingi, pengine kwa sababu wagombea wenzake waliahidi mambo makubwa ambayo watu walikwisha kuyasikia. Baada ya kuapishwa hakulala. Alisumbua ofisi hii na ile, akakaa kwenye mabenchi mpaka makarani wakamzoea na kumtuma chai, na mwishoni mradi mmoja wa usafi ukakubali kumpa kontena.

Siku lilipoletwa, mtaa mzima ulitoka. Lilikuwa kontena la chuma, la kijani kibichi, kubwa kama chumba cha kupanga, na juu yake lina mifuniko miwili. Akina mama walipiga vigelegele. Vijana walipiga nalo picha. Evod akapanda kwenye kigoda akahutubia.

"Ndugu zangu, kuanzia leo hakuna kuchoma mifuko ya nailoni jikoni, tukavuta sumu. Hakuna kuchimba mashimo ambayo maji yakija yanatuumbua. Hakuna kusukumia uchafu mtaroni. Maganda na mabaki ya chakula wapeni nguruwe au fukieni kwenye migomba. Chupa za plastiki wekeni pembeni, waokota chupa watazifuata. Kinachobaki, leteni humu. Likijaa, lori litalibeba mpaka dampo, nje ya mji. Tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

"Sasa tuliweke wapi?" aliuliza Jenifer, mtendaji wa mtaa, dada mwenye simu mbili mkononi.

Hapo ndipo shangwe ilipokatika.

Mwanzo lilishushwa kwenye kona ya gesti ya Mama Merina, maana barabara pale ni pana. Jua halijatua, Mama Merina alikuwa kibandani kwa Evod na sahani ya maandazi iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Shemeji, hongera kwa kontena. Umetuheshimisha. Ila wageni wangu, unawajua. Ni watafiti wa mbu."

"Si ndiyo vizuri? Watawapata karibu."

"Shemeji, wale wanatafuta mbu kazini. Hawataki kulala nao."

Evod alikula andazi moja. Kesho yake akampigia simu Silvano, dereva wa lori, kontena likahamishiwa karibu na kigango. Jioni hiyohiyo mzee Wendelin, katekista mstaafu, akapita taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sipingi taka. Hata sisi tunazo. Ila nimesimama mlangoni mwa kigango nikatazama mbele, nikaona kontena na altare vinatazamana. Nikajiuliza, padri akigeuka kusema Bwana awe nanyi, anamwambia nani?"

Silvano akapigiwa tena simu. Safari hii kontena lilipelekwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mayunga, ambaye pumba zake ndizo zilizokuwa zimeziba mtaro kuliko taka za mtu mwingine yeyote. Mayunga alicheka sana, akampigapiga Evod begani. "Mwenyekiti wangu, mchele wa Kilombero unajulikana nchi nzima kwa harufu yake. Sasa unataka uwe na harufu mbili?" Evod aliporudi nyumbani akakuta mkewe Tekla amekwisha kupokea kiroba cha mchele "kutoka kwa yule Msukuma mkarimu," na nusu yake iko jikoni inachemka.

Silvano alikuja kulihamisha akiwa amenuna.

"Mwenyekiti, hili ni kontena au mgonjwa wa rufaa? Nitalipeleka sehemu moja tu tena. Mafuta yamebaki ya kurudia ofisini."

Basi ukaitishwa mkutano wa hadhara. Watu wakasema kwa zamu, kwa adabu kubwa, kila mmoja akianza kwa kumpongeza mwenyekiti na kumalizia kwa kutaja nyumba ya mwenzake. Mwisho Balbina akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mimi naona tusigombane bure. Pembeni ya nyumba ya mwenyekiti kuna uwazi. Na mwenyekiti ndiye anayelipenda zaidi."

Makofi yalilia mpaka kuku wakakimbia. Lilikuwa azimio la kwanza katika historia ya Migombani kupita bila mtu hata mmoja kupinga, maana Tekla hakuwapo mkutanoni, na Evod mwenyewe alishindwa. Angesema nini? Kwamba kontena linanuka? Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu, kila lilipohamishiwa, kuwa halinuki.

Tekla alilikuta kontena mita chache kutoka barazani. Alilizunguka, akaligonga kwa ngumi, likalia kwa kina kama debe tupu.

"Baba Fidelis," alisema, "wanaume wengine wakipata vyeo wanaletewa umeme."

Evod alijiandaa kwa harufu. Alinunua udi, akaziba madirisha ya upande ule, akakaa barazani kuwasubiri wananchi na ndoo zao. Wananchi wakapita. Balbina alitokea na ndoo ya magamba ya perege, akafika mbele ya kontena, akamwona Evod kwenye kiti chake, akaficha ndoo nyuma ya kanga.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Karibu, mwaga tu."

"Aa, hapana. Hii nampelekea dada yangu."

"Magamba?"

"Anayapenda," alisema Balbina, akaongeza mwendo kuelekea mtaroni.

Ikawa hivyo kila siku. Watu walikuja na viroba, wakasalimia, wakauliza hali ya Mama Fidelis, wakaondoka na viroba vyao. Evod alijaribu kwenda ndani ili wasimwone. Wakabisha hodi kumsalimia. Alimfuata mzee Wendelin kwake kumwomba msaada, mzee akashangaa.

"Mwanangu, nimtupie kiongozi uchafu mlangoni kwake? Mimi nilifundishwa adabu na masista kule Mahenge."

"Lakini mzee, ndiyo kazi ya lile kontena!"

"Naelewa. Ila halitupiki."

Hata Evod na Tekla wenyewe hawakulitumia. Tekla alisema hawezi kuwa wa kwanza kulichafua, lilivyo jipya vile, aanze mwingine. Taka za nyumbani kwa mwenyekiti zikajaa jikoni. Mwishowe Evod akazifunga kwenye kiroba cha mchele wa Mayunga, akakikaza kwenye keria ya baiskeli, akaenda nacho mchana kweupe kuelekea jalala la soko. Njia nzima watu walimpungia mkono. Karibu na stendi mama mmoja muuza mchele akamsimamisha.

"Mwenyekiti, huo mchele ni supa au saro?"

"Mchanganyiko," alisema Evod, akakanyaga pedeli kwa nguvu zote.

Alikitupa kiroba jalalani, akasimama kidogo kando yake akiona haya kwa kitendo chake. Mwenyekiti mzima, aliyechaguliwa kwa ajili ya taka, anakimbiza taka zake mtaa wa watu. Aliporudi nyumbani alichota maji na sabuni ya unga, akaanza kulisugua kontena, kwa sababu vumbi lilikuwa limeanza kulifunika, na kwa sababu mtu akishindwa kazi yake lazima apate cha kufanya na mikono. Akalisugua mpaka rangi ya kijani ikang'aa.

Kamati ya mashindano ya usafi wa mitaa ilimkuta hivyo. Waliteremka kwenye gari wakiwa na kofia zinazofanana, Jenifer akiwatangulia. Wakazi waliosikia gari walikuwa wamekwisha kufunika mtaro kwa majani ya migomba. Kiongozi wa kamati akapanda, akafunua mfuniko, akachungulia ndani ya kontena. Alikaa amechungulia muda mrefu.

"Hakuna kitu," alisema. "Linang'aa. Tumezunguka mji mzima, makontena yanafurika, mbwa wanagombana. Ninyi mnafanyaje?"

"Ni uhamasishaji, mheshimiwa," alijibu Jenifer haraka. "Tunapunguza taka kwenye chanzo."

Evod alifungua mdomo aseme ukweli. Nyuma ya kamati aliwaona watu wake: Mama Merina, Mayunga, mzee Wendelin, Balbina, wote wamesimama wima, nyuso zimejaa fahari kama wazazi wa bwana harusi. Akaufunga mdomo.

"Tunajitahidi," akasema.

Migombani ikawa ya kwanza. Evod akapewa ngao, akaiweka juu ya kabati. Akaanza kupigiwa simu na viongozi wa vijiji waliotaka kujifunza, na hakujua namna ya kuwakatalia. Wa kwanza kufika walikuwa wageni kutoka kijiji cha Sanje, kundi la wajumbe waliokuja kwa basi dogo, wakiongozwa na mama mmoja mchangamfu aitwaye Oliva. Evod akawazungusha kwenye kontena kama mtu anayewaonyesha wageni shule mpya. Walichungulia kwa zamu. Walipiga picha. Mmoja aliuliza kama kuna dawa linayopakwa.

Chakula cha mchana kilikuwa pilau ya Mama Merina, iliyoletwa kwenye vibakuli vya foili, pamoja na maji ya chupa na tishu za kufutia mikono. Wageni wakala barazani kwa mwenyekiti, wakashiba. Oliva akakusanya vibakuli, mifupa na tishu za kundi zima kwenye mfuko mmoja, akasimama.

"Mwenyekiti, hizi tunatupa wapi?"

Watu wa Migombani wakatazama chini. Mayunga akakohoa. Evod alijikuta akitafuta jibu la swali ambalo alikuwa amelijibu kwenye mikutano yote ya kampeni.

"Ziache tu hapo, mama. Tutajua wenyewe."

"Nikuachie uchafu barazani? Haiwezekani, kaka yangu. Si kontena lile pale?"

Kabla hajazuiwa alikuwa amefika, amefunua mfuniko, ametupa. Mfuko ulianguka kwenye chuma kitupu kwa kishindo kilichosikika mpaka kwenye gesti. Oliva akapangusa mikono, akarudi kukaa, akaomba kijiti cha kuchokolea meno. Hakuelewa kwa nini watu wote walikuwa wamesimama.

Basi dogo la Sanje lilipoondoka, vumbi halijatulia, Balbina akatokea na ndoo. Safari hii hakuificha.

"Mwenyekiti, maadamu mgeni ameshatupa," alisema, akamwaga.

Nyuma yake akaja msichana wa gesti na mashuka mabovu. Mzee Wendelin alikuja na mfuko mdogo uliofungwa vizuri kama sadaka. Mayunga akaleta baiskeli ya guta iliyojaa pumba na magunia yaliyooza, akapanga foleni kama wengine. Watu walifukua mashimo ya miaka, walivuta vitu mtaroni, walileta mabaki ya magodoro, viatu visivyo na pacha, ndoo zilizopasuka. Walikuwa wanacheka. Jua likishuka upande wa Udzungwa, mfuniko haukufunga tena, na nzi walikuwa wamefika kutoka kote walikokuwa wamejificha.

Evod alisimama barazani akiwatazama. Hili ndilo alilolipigania. Ndilo alilolikalia kwenye mabenchi ya ofisi. Na bado kila ndoo iliyomwagwa ilimchoma kidogo, maana mpaka asubuhi ile alikuwa mtu ambaye mtaa mzima ulishindwa kumtupia taka mlangoni, na sasa hakuna aliyekuwa na habari naye. Wengine walimaliza kumwaga wakaondoka bila hata kusalimia.

"Unalia, Baba Fidelis?" aliuliza Tekla kutoka mlangoni.

"Moshi."

"Moshi gani? Si umekataza watu kuchoma taka?"

Tekla akaenda jikoni, akarudi na ndoo yao wenyewe, akampita, akaipeleka mpaka kwenye kontena, akaishindilia kwa mguu juu ya pumba za Mayunga. Kisha akamwita Evod aje kumsaidia kukandamiza mfuniko, na Evod akaenda.

Lori la Silvano lilichelewa, kama malori yanavyochelewa, lakini lilikuja, likabeba, likarudisha kontena tupu, na kabla Silvano hajawasha injini kuondoka foleni ilikuwa imekwisha kuanza. Mtaroni maji yanapita. Migombani haijashinda tena mashindano yoyote; kamati iliporudi ilikuta kontena limefurika na mbwa wawili juu yake, ikaandika kwamba mtaa umeporomoka kiusafi. Jenifer aliona aibu sana. Evod alisoma barua ya kamati, akaikunja, akatoka nayo kwenda kuitupa, akapanga foleni nyuma ya Balbina. Barazani hakai tena kwa sababu ya harufu. Kiti chake amekihamishia uani, kwenye migomba, na huko ndiko wananchi wanakomfuata wanapokuwa na shida.