Vigingi vya Maponea

Katika nchi ya Awalini haki ilipendwa hata ikapigiliwa ukutani. Zamani, enzi za dhuluma, vyeo vya hospitali ya Maponea viligawiwa wapwa wa mawaziri, na muuguzi hodari aliweza kuzeeka na kufa asiitwe hata msaidizi. Wauguzi wakaunda chama chao cha Mshikamano, wakagoma siku arobaini, wakashinda. Ili upendeleo usirudi, wakapigilia ukutani vigingi vya kutundikia aproni, kimoja kwa kila muuguzi. Kila jioni karani wa chama alihesabu aproni zilizotundikwa: mwenye siku nyingi alisogea mbele, na cheo kilipozuka kilikuwa cha kigingi cha kwanza. Aproni iliyokosekana siku arobaini mfululizo, hesabu yake ilianza upya. Hapakuwa na hongo wala ujomba. Lakini kanuni ni kama uji, ikiachwa bila kukorogwa hushika chini.

Bi Tulizo alikuwa amefika kigingi cha pili tauni ilipolipuka katika bonde la Ndweleni. Chama kiliomba mtu wa kwenda. Kila mmoja akatazama vidole vya miguu yake. Tulizo akavaa aproni yake, akaenda, akakaa miaka miwili. Aliporudi alikuta kigingi chake ni cha mwisho, nyuma ya wasichana aliowafundisha yeye kufunga bendeji.

Hakunung'unika. Ila cheo cha Mama wa Wadi ya Wachanga kilipokuwa wazi, naye amebakiza mwaka mmoja astaafu, moyo ulimdunda. Alikitamani tangu ujana, kama msafiri atamanivyo kulala kwao. Kikaenda kwa Bi Thabiti, mwanafunzi wake wa zamani.

"Dada, nikushtakie mimi barazani?" Thabiti aliuliza, machozi yakimlenga.

"Umeona wapi mtu akakishtaki kiti alichokalia? Nitakwenda mwenyewe. Nawe nyamaza, mwanangu, utawaamsha watoto."

Siku ya baraza la chama ukumbi ulifurika. Mwenyekiti, Mzee Kanuni, alikohoa, akasema:

"Bi Tulizo, asiyekuwapo na lake halipo. Miaka miwili aproni yako haikuonekana kigingini. Ilikuwa wapi?"

"Mwilini mwangu, Mwenyekiti."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akanong'ona, "Mjibu basi, mzee!"

"Na leo iko wapi?" Mwenyekiti aliendelea. "Maana ile ni mali ya chama."

Tulizo akainamisha macho. Jambo hilo hakuwa amemsimulia mtu.

"Sanda zilikwisha kule Ndweleni. Palikuwa na kichanga cha siku tatu, mama yake alikwisha kutangulia. Nilikivika ile. Mtanisamehe, ilikuwa mali ya chama."

Karani akaona haya kuandika. Mzee Kanuni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa miongoni mwa waliogoma siku zile wakishinda njaa, na kanuni hiyo aliilea kama mwanawe. Alisimama, akasema:

"Tumehesabu nguo zilizopumzika, tukazitupa zilizofanya kazi. Kwa kuwaogopa wapwa, tumewafungia mlango mama zetu."

Wakakata shauri kwamba tangu mwaka ujao siku zihesabiwe popote mgonjwa alipouguzwa. Kisha mzee akaongeza, kwa upole wa mtu achomoaye mwiba:

"Lakini sheria hatuirudishi nyuma, Bi Tulizo. Tukiirudisha leo kwa wema, kesho waziri atairudisha kwa ubaya. Cheo ni cha Thabiti."

"Nimesikia, Mwenyekiti," alisema Tulizo. Aliona kweli ndani ya maneno yale, na kweli ile ilimuuma.

Thabiti akasimama. "Kama ni changu, nakiacha wazi hadi mwakani, dada atakapostaafu."

"Binti, wadi haikai bila mama!" Mzee Kanuni alimaka.

"Nani kasema itakaa bila mama?"

Hapo Tulizo alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo asijue aweke wapi mikono.

Mwaka ule mzima, katika daftari la Maponea, mahali pa jina la Mama wa Wadi palibaki peupe. Na mgeni alipouliza mkubwa wa pale ni nani, wauguzi hawakumjibu kwa maneno. Walimnyooshea kidole tu bibi mmoja aliyembeba mtoto wa mtu begani, akimpapasa mgongo taratibu, akingoja acheue.