Rozari ya Tairi la Kushoto

Kila alfajiri, kabla majogoo wa Mugango hawajamaliza kubishana, Hyasinta alinyata kwenda nje, pampu ya mguu kwapani na rozari mkononi. Alichomeka mpira wa pampu kwenye valvu ya tairi la mbele kushoto la gari lao, akaanza kukanyaga. Salamu Maria moja, mkanyago mmoja. Alipomaliza makumi yote matano alikuwa anahema, lakini moyo umetulia.

Tairi hilo lilianza kuvuja baada ya Krismasi. Pancha haikuonekana. Jioni limesimama vizuri, asubuhi limelala chini kama mbuzi mgonjwa. Felisian, mumewe, mwalimu mstaafu, alikuwa akilijaza mwenyewe mpaka siku ile Hyasinta alipomkuta amekaa chini, mkono kifuani, pampu imeanguka pembeni. Daktari alishamkataza kazi za nguvu. Tangu hapo Hyasinta akawa anaamka kabla yake. Hakumwambia. Mwanaume aliyefundisha miaka thelathini na sita, utamwambiaje kwamba unamjazia upepo? Felisian naye, akilikuta tairi limesimama, alisema tu kwamba lina siku zake.

Wiki tatu zilizopita alirudi kutoka Musoma akitamba.

"Mama Euphrasia, limepona! Limenilalia pale sokoni, nikampelekea fundi. Kapaka mate mdomoni mwa valvu, povu hilo! Kumbe tairi lilikuwa zima muda wote. Kabadilisha valvu."

"Mwezi wa pili nao lilipona," Hyasinta alijibu, akiendelea kuchambua dagaa. "Na Pasaka likafufuka."

Kesho yake akaamka na pampu yake kama kawaida. Siku hizo pampu ilikuwa ngumu, mpaka aipande kwa miguu yote miwili. Lakini rozari haikatishwi katikati. Ukianza, unamaliza.

Magoti yakaanza kumuuma. Ndipo akatamka neno alilolimeza miezi mingi: gari liuzwe. Alitegemea ubishi. Felisian akasema tu, "Haya."

Jibu hilo lilimuuma kuliko magoti. Gari lile Felisian alilinunua kwa kiinua mgongo chake, na kila Jumamosi lilimpeleka Suguti kuwafundisha hesabu watoto wa kidato cha nne, bure. Huko ndiko alikobaki kuwa mwalimu. Gari likiondoka, Jumamosi zake nazo zimekwisha.

Alhamisi wakaanza safari ya kulipeleka Bunda, kwa Hashimu, mfanyabiashara wa vitenge wa Kabasa. Felisian alikuwa ameliosha mpaka chini ya viti. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na ndoo ya samaki aina ya sato, zawadi kwa mnunuzi huyo.

"Mbona linarukaruka leo?" Felisian aliuliza njiani.

"Labda halitaki kwenda," Hyasinta alisema, kisha akajuta.

Walipofika Butiama, Felisian akasimama kwa fundi wa matairi, Kudura, mwenye kompresa na karai la maji meusi. "Siwezi kumuuzia mtu gari linaloruka," alisema.

Kudura alipima upepo. Akakigongagonga kipimo, akapima tena.

"Mzee, humu umejaza upepo au saruji?"

"Sijaligusa tangu nibadilishe valvu, wiki tatu sasa."

"Mshale umepita namba zote! Mngeingia shimo moja tu huko mbele, paa! Kuna mtu analijaza hili. Una adui, mzee?"

Felisian alitikisa kichwa taratibu. "Basi hata mimi silielewi tena gari langu. Heri liende."

Hyasinta alimsogelea mumewe. Akinyamaza, gari litakwenda na hakuna atakayejua.

"Adui ni mimi," alisema. "Nilikuwaga nalijaza kila asubuhi. Rozari nzima."

"Nzima?" Kudura aliuliza.

"Mikanyago hamsini."

Kudura akahesabu kwa vidole. "Wiki tatu... Mama, elfu na zaidi! Mimi tasbihi yangu haijawahi kujaza hata baiskeli."

Felisian hakucheka. "Ndiyo maana ulikuwaga unarudi ndani unahema? Nilidhani unatoka nje kulia. Uliposema liuzwe, nikasema, kama gari linamliza mke wangu, liende."

"Nilikukuta umekaa chini, Baba Euphrasia. Mkono kifuani. Nilifikiri nimekupoteza."

Kudura, akijifanya hasikii, akabonyeza valvu. Upepo ukatoka, ukatoka, ukazidi kutoka, mpaka Felisian akashindwa kujizuia, akaanza kucheka huku anafuta macho.

Upepo ulipofika kiasi chake, Kudura akapaka mate mdomoni mwa valvu. Hakuna povu. Akamwagia maji ya sabuni tairi zima. Kimya.

"Zima kabisa," alisema. "Lilikuwa linasumbuliwa na mapenzi tu."

"Tugeuze?" Felisian aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Hatugeuzi. Mtu anakusubiri, humkatalii kwa simu. Twende Bunda tukamwambie usoni kwamba haliuzwi," Hyasinta alijibu.

Hashimu aliwasikiliza mlangoni mwa duka lake, mikono kiunoni. "Yaani mmesafiri mpaka huku kuja kuninyima gari?"

"Na kukuletea sato," alisema Hyasinta.

"Mwalimu, ungekuwa dalali ungekufa njaa!" Lakini alishaifunua ndoo, na sauti yake ilikuwa imelegea. Akaagiza chai.

Jumamosi alfajiri Hyasinta alitoka kwa kunyata. Pampu haikuwepo mahali pake. Felisian alikuwa ndani ya gari, kiti cha abiria, mlango wazi.

"Pampu nimeifungia kwenye buti," alisema. "Pita upande ule. Leo tunasali tumekaa."

Hyasinta akaketi nyuma ya usukani, mahali ambapo hajawahi kuketi. Yeye akaanza, mumewe akapokea. Walipomaliza, Felisian alishuka, akaliminya tairi la kushoto kwa kidole gumba, akaridhika. Kisha wakabadilishana viti, naye akawasha gari kwenda Suguti.