Kiti Kando ya Mashine

Asubuhi moja ya Juni 2005, baridi ya Sumbawanga ikiwa imekaza, fundi Flavian aliitwa na kampuni iliyonunua ghala la ushirika na kuwapunguza makarani sita kwa siku moja. Kompyuta yao ilikuwa inajikokota. Stakabadhi moja ya mahindi ilichukua robo saa, na wakulima kutoka Mwazye walikuwa nje na magunia yao tangu alfajiri.

Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyofunika redio. Flavian alikitoa, maana mashine isiyopumua hupata joto, na ikipata joto hupunguza mwendo. Akapuliza vumbi. Akafungua mpangilio wa umeme, akaitoa kwenye kubana matumizi. Wapi! Kwenye skrini, kasi ya prosesa, moyo wa kompyuta, ilibaki megahezi mia nane, wakati ilinunuliwa ikikimbia elfu moja na mia nane.

Saa nne akaingia Coleta, Mama Gaudensi, karani mchapaji wa pale hadi alipopunguzwa Machi, kufuata kitambaa chake. Alipovuka kizingiti, namba kwenye skrini ikapanda hadi elfu moja na mia nane.

"Shikamoo mama," alisema Flavian. "Hebu rudi nje kidogo."

"Marahaba," alijibu Coleta, akarudi.

Alipofika kwenye mizani ya magunia, namba ikashuka hadi elfu moja na mia nne. Langoni, mia nane. Flavian alirudia mara tatu, kwa kuwa kipimo kimoja si kipimo, kisha akajaza fomu: mashine ni nzima, ila inamtaka Coleta.

Meneja Urbano aliisoma, akauliza kama Coleta anahitajika kutwa nzima.

"Mpaka mashine izimwe," alisema Flavian.

"Basi aletewe kiti."

"Na kazi yangu, bosi?" Coleta alikuwa amechapa pale miaka kumi na tisa. Alichotaka ni kazi yake, na matumaini yalimjaa mpaka akaona aibu.

"Andika barua ya maombi, Mama Gaudensi. Mvumilivu hula mbivu." Huyo Urbano, kwa maneno, hajambo.

Akaandika. Wiki mbili alikaa kando ya mashine akifuma, bila cheo, na wakulima wakawa wanaondoka mapema. Siku alipokwenda msibani Chanji, Urbano alituma pikipiki ikamtoe matangani.

Ijumaa jibu likawa tayari. Urbano alilichapa mwenyewe kwa vidole viwili, Coleta akiwa pale kitini, na mashine haikumkwamisha hata herufi moja. Barua ilisema nafasi ya karani mchapaji ilifutwa na haitarudishwa.

Coleta aliisoma mara mbili. Iliuma. Akaikunja, akaitia mkobani pamoja na nyuzi zake.

"Jumatatu nije saa ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili," alisema Urbano. "Kama kawaida."