Siku Tuliyoziba Matundu

Brighton alikuwa akiisifia laptop ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kila saa nne, chai ikishamiminwa, alituletea habari zake kama mtu anayesimulia mchumba aliyeko ughaibuni: nyembamba kuliko chapati, prosesa yake mpya ina kasi ya ajabu, haina feni, haipigi kelele. Na inasemekana, hapo akashusha sauti, safari hii wanaondoa matundu yote yaliyobaki.

"Yote?" akauliza Joel, andazi mdomoni.

"Yote, kaka. Labda wabakize moja la chaja. Wengine wanasema hata hilo linaondoka."

"Basi hiyo ni sahani. Tuipakulie wali."

Wakacheka. Mimi sikucheka, na Elieth hakucheka.

Kazi yetu katika ofisi ile ya Chang'ombe ni kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno: semina, vikao vya ushirika, usuluhishi wa mirathi. Mikono iko juu ya kibodi, mguu uko kwenye pedeli chini ya meza. Ukikanyaga, sauti inakwenda. Ukiinua, inasimama. Ukigusa upande wa kushoto, inarudi nyuma kidogo. Pedeli ina waya, na waya unataka tundu.

Elieth mkono wake wa kushoto una kidole gumba tu. Vingine vilikwenda na mkanda wa mashine ya kusaga alipokuwa msichana, kwao Mpwapwa. Anaandika kwa mkono wa kulia, na anakwenda sawa na sisi kwa sababu mguu ndio unaosimamisha sauti. Mwondolee pedeli, mkono huo mmoja uandike na usimamishe. Sisi tunalipwa kwa kazi iliyokamilika. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia.

"Sasa pedeli tutachomeka wapi?" akauliza.

Brighton ndiye msimamizi wetu. Kijana mwenye adabu, shikamoo yangu hainipiti hata siku moja. Ubaya wake ni kuamini kila anachokisoma kwenye simu.

"Dada Elieth, teknolojia haisubiri mtu. Hiyo prosesa itasikiliza yenyewe na kuandika. Sisi tutasahihisha tu."

"Na utasahihishaje bila kusikiliza?" nikamuuliza.

"Bi Sabiha, kuna adapta. Kila mtu atatafuta yake. Mama Generosa ameshakubali, vifaa vya nje ni juu ya mfanyakazi. Jumatatu tunauza hizi za zamani, tunaweka oda."

Oda ya mashine ambayo haijatoka. Uvumi ulikuwa umeshatengewa fedha, na sisi tuliokuwa na kazi mkononi hatukuwa tumeulizwa.

Mimi nakumbuka. Kuchapa nilijifundisha mwenyewe, Kondoa, kwenye mashine ya mjomba aliyekuwa akiandikia watu barua barazani. Sheria za kazi nazo nilizisoma kwenye vijitabu vilivyokuwa vikiuzwa chini sokoni, vingine havina majalada. Ofisi ya kwanza iliyonipa meza ilitumia redio za kanda. Zilipokuja kompyuta, redio zikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kanda zikabaki kwenye boksi. Baadaye wakaja wazee wa kijiji kimoja waliokuwa wakigombania eneo lao la malisho. Kikao walimokubaliana kuhusu mpaka kilikuwa kwenye kanda mojawapo. Wakaambiwa kanda ni hii hapa, cha kuisikilizia hakuna. Mzee mmoja aliishika akaigeuzageuza, kisha akaiweka sikioni.

Eneo lile lilikwenda. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kuna tundu limeondolewa, swali langu ni moja: limeondoka na nani?

Nikaenda kwa Mama Generosa, mwenye ofisi. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza huku akipanga kalamu.

"Bi Sabiha, kwako kila kitu ni vita. Elieth simfukuzi. Tutamtafutia cha kufanya. Si atatupikia chai?"

Nikatoka bila kuaga. Mwanamke anayeandika kikao cha siku nzima bila kuangusha neno, apewe birika!

Jioni niliwasimamisha wenzangu nje, ukutani, upepo ukitupiga vumbi la macho.

"Kesho tunaanza kutumia laptop ya Brighton."

"Ipi?" Joel akashangaa. "Si haijatoka?"

"Hiyo hiyo. Matundu yote tunayaziba. Pedeli hamna, hedifoni hamna, mausi hamna. Chaja nayo, si wamesema huenda ikaondoka? Tunafanya kazi kama anavyotaka."

"Watatufukuza, Bi Sabiha."

"Kwa kosa gani? Tutawahi, tutakaa mezani, tutaandika. Tunatii mapema tu."

Joel akakuna kichwa. "Na ile ya mirathi? Ikilia kwa sauti, mtaa mzima utajua nani kamdhulumu nani."

"Hiyo haifunguliwi. Siri ya mtu si fimbo yetu."

Nikamgeukia Elieth. Nikamwambia, "Wewe ndiye unayepoteza. Ukisema tuache, tunaacha."

"Selotepu ninayo nyumbani," akasema. "Nitakuja nayo."

Asubuhi tukaziba. Tuligawana semina ya wakulima wa alizeti iliyotakiwa kukabidhiwa mchana huo, kila mtu na kipande chake, tukafungulia. Bila hedifoni, ofisi ikawa mnada. Huku mtu anaeleza mbegu bora, kule anashukuru mgeni rasmi, kwangu wanabishana juu ya posho ya nauli, na kwa Joel wanapiga makofi yasiyoisha.

Brighton akaingia mbio. "Nini hiki?"

"Tusalimiane kwanza."

"Shikamoo, Bi Sabiha. Nini hiki?"

"Marahaba. Laptop yako imefika."

Akaona selotepu, akaelewa. Masikio yake yalibadilika rangi kabla ya uso. Wakati huohuo skrini ya Joel ikazima.

"Prosesa imesinzia," Joel akatangaza.

"Hizo betri zimezeeka!" Brighton akapaza sauti kuwashinda wakulima. "Mpya zinakaa na chaji siku nzima!"

"Umeiona wapi?" nikamuuliza.

"Inasemekana!"

"Basi na kazi ya Bwana Ulimboka inasemekana imekamilika. Mwambie aje."

Na kweli alikuja. Ulimboka ndiye aliyeendesha semina ile, mtu mnene mwenye haraka. Alisimama mlangoni akajisikia mwenyewe kutoka meza ya Elieth: "Wakulima wenzangu, tusidanganyane." Elieth anaacha kuandika, mkono unakimbilia kusimamisha, sauti imeshapita, anarudisha. "Wakulima wenzangu, tusidanganyane." Anaandika, anaachwa, anarudisha. Jasho lilimtiririka shingoni. Wengine tulikuwa tunaigiza. Yeye alikuwa anajaribu kwa nguvu zake zote, na kila mtu mle ndani aliona hatoweza.

"Dada," Ulimboka akasema, "mbona unanirudiarudia kama mkosaji?"

Mama Generosa akatoka chumbani kwake. Hakupiga kelele, yule mama hajawahi kupiga kelele, ndiyo maana ni mgumu. Alizunguka meza zote, akamfikia Elieth, akaweka mkono juu ya kiti chake.

"Mwanangu, wewe bakia na kompyuta yako ya zamani na pedeli yako. Hiyo haiuzwi. Basi, yameisha. Wengine toeni hizo takataka."

Kidole cha Joel kilikuwa kimeshafika kwenye selotepu. Namfahamu Joel, ana watoto. Sikumlaumu, ila nilimkazia macho.

Elieth akazima sauti. "Asante, mama. Na siku ikifa?"

"Itatengenezwa."

"Ikishindikana?"

Mama Generosa akauondoa mkono kwenye kiti.

"Siku hiyo nitakuwa peke yangu," Elieth akasema. "Leo tuko wote. Afadhali tuyamalize leo."

Joel akarudisha mkono mapajani.

"Mama," Ulimboka akaingilia, "mimi ripoti yangu inasomwa kesho asubuhi. Hawa wanataka nini?"

"Waulize wenyewe."

Nikasimama. "Jumatatu hakiuzwi kitu. Mashine yoyote itakayonunuliwa, Elieth aijaribu kwanza kwa pedeli yake. Na kinachokosekana kwenye mashine, ofisi itoe, si sisi."

Mama Generosa alimtazama mteja wake, akatutazama sisi. Kwa Brighton alikawia zaidi.

"Haya. Isiyokubali pedeli hainunuliwi. Adapta ni za ofisi."

"Rudia, mama, Brighton hakusikia."

"Nimesikia, Bi Sabiha," Brighton akasema.

Tukabandua. Gundi iliganda kwenye matundu, ikabidi tuchokoe kwa pini. Ripoti ya Ulimboka ilitoka jioni, na alizeti sikutaka kuisikia tena.

Jumatatu tulikwenda dukani, Elieth, Brighton na mimi, pedeli ndani ya mfuko wa rambo. Muuzaji, kijana mwenye marashi makali, akamwonyesha Brighton ile nyembamba kuliko zote. Brighton aliishika kwa ncha za vidole, macho yamelegea.

Elieth akavua kiatu. Akaweka pedeli sakafuni, katikati ya duka, akaunyoosha waya.

"Tundu lake liko wapi?"

"Dada yangu, siku hizi hayo yamepitwa na wakati."

"Lete nyingine."

Akaleta ya pili. Tundu lilikuwapo, lakini moja tu, na chaja ndiyo iliyolitaka. Akaleta ya tatu, akaanza kuhema. Nyuma yetu wateja walikuwa wamejipanga, mmoja akauliza huyu mama amekuja kununua kompyuta au cherehani. Muuzaji akanigeukia mimi mwenye ushungi, mtu mzima, akitarajia nitamwonea huruma.

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Umemsikia," nikamwambia. "Lete nyingine."