Mpaka Mlangoni

"Rudi nyuma kidogo, dada. Hapo hapo. Nakuona mpaka vifungo vya koti."

Mfagiaji alisimama katikati ya ghala la nguo, ndoo mkononi. Juu ya ngazi, fundi alichungulia simu yake. Alikuwa akipima kila kamera itafika wapi, na bosi alikuwa amempa mfagiaji huyu ili amtembeze mbele ya kamera, eti wengine wote wana kazi! Asubuhi nzima alizungushwa: njoo, nenda, inama, geuka. Hakuchoka. Nyumbani hakuna wa kumuuliza hata amekula nini, na hapa leo kuna mtu anamwambia nakuona, nakuona. Alifurahi mpaka akajionea haya.

Ikabaki kamera moja.

"Fundi," alisema, sauti chini. "Hiyo si ungeiweka chumba cha ukaguzi?"

Kila jioni wanawake hupita chumba hicho mmoja mmoja, msimamizi awapekue kama wameiba. Mlango hufungwa. Mikono ya yule bwana haitafuti nguo, jamani. Wakitoka, kila mmoja huinama na kwenda zake, hakuna anayemsubiri mwenzake. Mfagiaji hajawahi kumwambia mtu.

Fundi alimtazama sana. Bosi alipopita na msimamizi wake, fundi alijaribu kumshawishi.

"Bosi, hii ya mwisho naona ikae chumba cha ukaguzi. Mle ndani hapaonekani kabisa."

"Aka! Mle nina mtu wangu, kamera ya nini? Ifunge nyuma ya marobota. Wanajificha kule kupumzika."

"Wazo la nani hilo?" msimamizi aliuliza.

Macho ya fundi yalimponyoka, yakaenda kwa mfagiaji. Msimamizi akatabasamu.

Jioni wanawake walikuwa wamepanga foleni mbele ya chumba cha ukaguzi. Fundi alitaka jaribio moja la mwisho, bosi akiwa begani kwake.

"Dada, tembea polepole mpaka mlangoni."

Wenzake walimpisha bila kumtazama. Akaenda.

"Nakuona," fundi aliita. "Nakuona bado."

Mlango ulifunguliwa kwa ndani.

"Karibu, mama wa kamera," alisema msimamizi. "Leo tutakagua vizuri."

Mlango ukafungwa.

"Umefanya kazi safi," bosi alimwambia fundi, akiinamia simu. Mlango ulionekana vizuri sana, mpaka kitasa.