Picha ya Kupima Mwanga

Mke wangu Ketura alipokufa, mwaka 2014, sikulia. Tulimzika nyumbani Nyakiyumbu. Nilishika sepetu waliponipa, nikaiacha waliponipokonya. Baadaye niliendelea kula na kulala.

Mimi ni mpiga picha. Siku za soko nilikuwa nikikaa Mpondwe, karibu na mpaka, nikiwapiga picha madereva wa malori na akina mama wanaovuka na vitenge. Tangu mazishi sikuwa nimempiga mtu picha.

Ibada ya kumaliza matanga ilipokaribia, mama mkwe alituma neno kutoka Kyarumba. Picha ya kuweka mbele ya watu aione yeye kwanza. Asipoikubali, haiwekwi yoyote. Nikapanda mlima na kamera.

Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe. Niliweka kamera juu ya mkeka, nikarudi kukaa mlangoni. Picha niliyoichagua ilikuwa kwenye kioo cha kamera: Ketura siku ya Pasaka, amevaa gomesi ya bluu, mikono magotini, macho mbele.

Mama mkwe aliitazama. "Huyu anangoja kuitwa na afande," akasema.

"Ni picha nzuri, mama. Masikio yote mawili yanaonekana."

"Wewe ulioa masikio?"

Akaanza kubonyeza vitufe vya kamera. Nilitaka kumwambia aache, kwa sababu baada ya ile hakukuwa na kitu, ni takataka za kazi tu. Lakini ili nimwonyeshe jinsi ya kuirudisha ile ya Pasaka ingebidi nikasimame begani kwake, na hilo halifanyiki. Akaendelea kubonyeza.

Kila asubuhi ya soko, kabla ya kutoka, nilimpiga Ketura picha moja ya kupima mwanga, popote alipokuwa, kisha nikaifuta. Sikumwambia, naye hakugeuka. Ya mwisho haikufutwa, kwa kuwa aliugua siku ileile na kamera ikabaki kwenye mkoba.

Kidole cha mama mkwe kikasimama.

"Njoo uone."

"Mama, siwezi."

Akaiweka kamera chini, akainuka polepole, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba. Ndipo nikasogea.

Ketura amekaa kizingitini, ungo magotini, anachambua maharage. Uso umeinama upande. Mwanga umemwangukia shingoni, na kwenye vidole viwili vilivyoshika kijiwe. Mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa na tabia ya kuyasema maharage mabovu.

Niliipiga ili nijue kama mwanga unatosha. Ulitosha.

"Hivyo ndivyo alivyokaa hapa kwangu," mama mkwe alisema kutoka kule. "Weka hiyo."

"Hatazami watu, mama."

"Alikuwa na kazi."

Kesho yake nilishuka Kasese kwa Muniru, anayekuza picha. Aliifungua kwenye kompyuta, akakuna kichwa.

"Mzee, hii ndiyo ya matanga? Nikate hii maharage, ibaki uso. Na mlango iko chafu."

"Usikate kitu."

"Watu watauliza."

"Waulize."

Mashine ikaanza kuitoa, kuanzia juu. Kikatoka kipande cha mlango, kikafuata kichwa, kisha shingo. Nilisimama pale mpaka ungo ukatoka wote.